Isale Halimo Kwenye Ramani

Ramani ilibandikwa ofisi ya kata siku ya Jumanne,
kati ya tangazo la chanjo ya mbwa
na majina ya wanaodaiwa michango ya madawati.
Niliisoma kichwa upande, kama kuku anayekagua punje,
mpaka nikauona mfongo wetu:
uzi wa buluu, mwembamba kuliko mshipa wa kope,
na juu yake mstari mwekundu
umeukata katikati, ukaenda zake Moshi mjini.

Mimi ndiye mtunza zamu za maji.
Naijua zamu ya Elinami, Jumatatu alfajiri,
naijua ya mama Ndewirwa, ambaye huiba robo saa
na sote tunajifanya hatuoni.
Sasa karatasi inasema banio la juu lina mbunge wake,
migomba ya chini ina mbunge mwingine.
Kingo zikibomoka, tumlilie nani?

"Siku ishirini na moja," tangazo lilisema kwa herufi za sisimizi,
"mwenye maoni ayalete kwa maandishi."
Maoni! Sisi tulikuwa na hasira tu.
Hasira haina ukurasa wa kwanza, haina kiambatanisho.
Akasema Kaanaeli, mwalimu wa hesabu
aliyestaafu kufundisha na hajastaafu kubisha:
"Tume haihesabu machozi.
Nileteeni vichwa."

Tukahesabu vichwa.
Kitongoji kwa kitongoji, daftari la shule kwapani,
mvua ya Aprili ikitufuata kama mdai.
Kaya mia nne na kumi na mbili.
Tukaipima njia ya kwenda kituo kipya cha kura:
saa moja na dakika hamsini, na bonde la kuvuka,
kwa hatua za bibi Makyao na fimbo yake,
si kwa gari la halmashauri.
Ramani yetu tuliichora nyuma ya kalenda ya ushirika;
tulipokosa rula, tukatumia ubapa wa panga.

Mlango wa kumi na saba, kitongoji cha chini,
Ndealio alikataa kutia sahihi.
"Huko mnakonirudisha," alisema,
"nimeomba barabara tangu mwanangu yu mgongoni.
Leo ana watoto wawili.
Niacheni niende na mstari mwekundu. Huenda huko wana masikio."
Nilitaka kumwambia amekosea.
Nikaitazama barabara yake.
Sikumwambia.
Niliandika: kaya moja, imekataa.
Kaanaeli akanung'unika kwamba namba hiyo inaharibu jumla.
Nikasema iharibu.

Ukumbini mjini, feni zikizunguka bila upepo,
bwana wa Tume alinipa dakika tano
na swali moja tu: "Huu mfongo una umri gani?"
Nikamjibu, babu wa babu yangu aliukuta.
Akaandika kitu. Mpaka leo sijui nini.
Nikamsomea na ile kaya moja, na sababu yake.
Hapo ndipo alipoinua macho.

Miezi saba.
Ramani mpya, ubao uleule, pini zilezile zenye kutu.
Mstari umesogea. Umeuacha mfongo mzima,
umeshuka hadi daraja la mbao, umekunja kona,
na Kaanaeli alicheza palepale mlangoni, na goti lake bovu.
Mimi nilikuwa nikifuata kona ile kwa kidole.
Ndealio amebaki upande wetu,
yeye na barabara yake.

Jioni nilikata isale mpakani mwa kihamba,
nikalifunga fundo, nikashuka kwake kwa tope.
Kwetu, jani linalolinda mpaka
ndilo hilohilo linaloomba radhi.
Alilipokea. Hakutabasamu.
Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu,
akatoka na kigoda, na daftari la mjukuu
lenye kurasa chache zilizosalia.

"Kaa," alisema.
"Ule ukurasa wa kwanza
huanza vipi?"